Kabureta ya Baba

Fundi ameing'oa kabureta ya gari la baba ili afunge mfumo wa kompyuta. Amenikabidhi ikiwa bado inanuka petroli, akaniuliza kama nitaiweka iwe ukumbusho. Nimemwambia aitupe.

Asubuhi ile ya utotoni mwangu, mama alipozidiwa, harufu hii ilijaa gari zima. Mama alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, kitenge kimelowa jasho. Tulikuwa tunampeleka hospitali ya Mulago. Baba alikanyaga pedeli ya mafuta mara tatu, kama kawaida yake, kisha akawasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akakanyaga tena, na tena.

"Wacha kukanyaga," mama alisema polepole. "Injini imekunywa mafuta mingi. Wacha ipumue."

"Wewe ndiyo utanifundisha gari?"

Nikasema nikimbie kumwita jirani mwenye teksi. Baba hata hakugeuka. "Kaa hapo. Gari iko."

Nikakaa. Nilikuwa na miaka tisa na miguu yenye mbio, na nikakaa, petroli ikinichoma macho, mkono wa mama ukizidi kuwa mzito juu ya goti langu.

Jana baba alinipigia simu. Eti nisimharibie gari, kabureta yake haijawahi kuwa na shida. Nilikata.

Sasa fundi anaunga waya wa mwisho. "Hapa kompyuta ndiyo inapima mafuta," ananieleza. "Mtu akanyage hata mara mia kabla ya kuwasha, haimsikii."

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena.