Mizunguko Arobaini na Mitano

Mapanga ya mashine yangu ya upepo yalipaswa kuzunguka mara mia mbili ishirini na tano kwa dakika. Dinamo niliitoa kwenye kamio, lori lililotupwa, na bila mwendo huo isingeweza kujaza batri. Bila batri, redio niliyomletea mke wangu ingebaki sanduku tu. Kifua kilikuwa kimemlaza tangu mvua zilipokwisha. Daktari alikuwa amemrudisha nyumbani bila kueleza mengi, na kitu pekee alichoniomba mke wangu kilikuwa kusikia nyimbo. Mtaa wetu wa cité, makazi ya watu wa kawaida, haukuwa na umeme.

Kifaa cha kupimia mwendo hakikuwa kitu cha seremala kama mimi, kwa hiyo nilijitengenezea changu. Nyuma ya mhimili nilifunga kigurudumu cha mti chenye mzingo wa sentimeta kumi kamili, nikakipaka nta. Uzi ukiigusa nta ulinaswa na kuanza kujivingirisha. Baada ya muda maalumu niliukata, nikaunyoosha mezani na kuupima: kila sentimeta kumi zilikuwa mzunguko mmoja.

Uzi nilipewa na jirani, mshonaji wa asili ya Maniema.

"Ndugu, uzi yangu sasa inashonaka mupepo?"

"Inapima."

"Na ile ndeke yako itaruka siku gani? Uniambie mbele, nitoe manguo ya batu kwenye kamba."

Lililonishinda lilikuwa muda, maana sikuwa na saa. Mke wangu ndiye aliyepata njia.

"Baba, tupime na Salamu Maria," alisema kutoka kitandani. "Mie nitasema, weye utashika uzi."

Tulikuwa tumesali rozari pamoja miaka kumi na minne, na sauti zetu zilikwenda mwendo mmoja. Kesho yake nilisimama chini ya saa ya karakana nilikofanya kazi, nikaisema sala hiyo kimoyomoyo mara kumi. Kila mara ilichukua sekunde kumi na mbili. Nikaandika daftarini: mizunguko arobaini na mitano kwa sala moja, na dinamo itajaza batri.

Nilitaka aseme yeye kwa sababu ulimi wangu ulikimbizana na mapanga nilipoyatazama. Yeye alilala chini ya dirisha, na ukuta ulimficha mashine.

Siku ya kwanza, saa kumi alasiri, katika upepo wa kiangazi usiobadilika, nilipata mizunguko thelathini na sita. Nikapiga mapanga randa: thelathini na minane. Nikabadilisha grisi: arobaini. Nikafupisha mkia: arobaini na miwili. Kila mara niliingia chumbani kumpa hesabu.

"Iko inapanda?"

"Inapanda."

"Basi ni ile sala yangu inaisukuma. Weye uko unapaka mafuta ya bure tu." Akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Juma la sita tulifika arobaini na mitano. Niliunganisha tena kwenye dinamo taa ndogo ya baiskeli niliyokuwa nimeijaribu siku ya kwanza. Waya wake ukapata wekundu hafifu, uleule wa siku ile. Nilikagua mkanda unaozungusha dinamo, brashi na nyaya zote, nisione kosa. Nikaenda kwa jirani kuazima saa yake ya mkono yenye mshale wa sekunde, ile aliyoitumia kufuata nyakati za swala.

"Twaa, lakini usiifunge kwenye ndeke," alisema.

Mke wangu alisali, nami nikautazama mshale. Alipotamka Amina, sekunde kumi na tano zilikuwa zimepita. Nikamwomba arudie. Kumi na tano.

Arobaini na mitano kwa sekunde kumi na tano ni mizunguko mitatu kwa sekunde. Thelathini na sita kwa sekunde kumi na mbili ni mitatu vilevile. Randa, grisi na mkia havikuwa vimeongeza kitu. Kilichoongezeka ni pumzi alizohitaji mke wangu kati ya neno na neno, nami kwa majuma sita nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu na kuziita maendeleo.

"Ngapi leo?" aliuliza kupitia dirishani.

"Arobaini na mitano."

"Aa, tulifika! Redio itaimba siku gani?"

"Nitaangalia mukanda kwanza."

Sikuangalia mkanda. Sikuirudisha saa ya jirani, naye hakuidai. Kila alasiri nilipanda juu ya pipa lililokuwa chini ya mashine, na saa mkononi bila uzi, nikamwambia mke wangu aanze. Sekunde kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na nane.

Siku moja akasema, "Leo nilichoka, Baba. Upime peke yako."

Nikashika kamba, nikayafunga mapanga kwenye nguzo, maana sikuweza tena kuvumilia kuyasikia yakizunguka.

"Baba," aliita, "mbona mupepo ilikufa?"