Polisi wa Bukari wa Stesheni ya Kolwezi

Saa moja asubuhi, Odile Mianda anapita kati ya magodoro na masufuria kwenye stesheni ya Kolwezi. Mkononi ana kopo la maziwa lenye vidonge vya kisukari, vimefungwa katika karatasi zenye majina. Hampi mtu kidonge kabla ya kumwona akitafuna.

"Polisi ya bukari amefika!" anatania mzee mmoja aliyeshika tonge la bukari, yaani ugali.

"Meza kwanza, tata, halafu unicheke."

Mwaka huu wa 1993 wenye asili ya Kasai wanafukuzwa mjini, nayo migodi inakufa. Odile, mwenye miaka 46, ni mmoja wao, ingawa amezaliwa hapa. Kwa miaka kumi na mmoja aliwauguza wenye kisukari. Leo ni siku ya thelathini na nane anangoja treni pamoja na wagonjwa wake tisa.

Walikuwa kumi.

"Nilibafundisha: usikose kinini hata siku moja," anasema Odile, akiinua kidonge kimoja. "Tata Kanyinda alisikia. Siku mbili hakukula, lakini kinini alimeza. Tulimuzika karibu na reli."

Odile alijifunza kazi ya dawa hiyo ukubwani, katika masomo ya jioni. Seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni ya kushusha sukari, zina vijilango. Mtu akila, sukari huzifanya zifunge vijilango vya potasiamu. Umeme wa seli hubadilika, vijilango vya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, na insulini husukumwa kwenye damu.

"Kinini inafunga mulango wa potasiamu yenyewe," anasema Odile. "Haiulize kama umekula."

Mama Mbelu anamwita kwa sauti. Mumewe, Tata Kalala, aliyekuwa fundi wa mitambo, anatetemeka, shati limelowa jasho. Mbelu ameshika kidonge.

"Sukari imepanda! Nimuongezee?"

"Acha, mama! Alikula nini?"

"Hakuna kitu. Alificha kinini za juzi na jana, akameza moja asubuhi."

Odile anakoroga sukari yake ya mwisho katika kikombe cha maji, anamnywesha kidogo kidogo huku akisali kimya. Baada ya robo saa Kalala anamtambua.

"Usinigombeze, mama. Nilifanya vile ulinifundisha."

"Najua, tata. Nilikufundisha nusu."

Saa nne majina ya watakaopanda treni ya leo yanasomwa. La Odile limo. La Kalala halimo.

Odile anaketi chini kando ya Kalala, anawaomba majirani bukari kwa ajili yake. Dawa itaendelea kufanya kazi mwilini mwa mgonjwa mchana kutwa, na sukari yake inaweza kushuka tena.

"Mi nimechoka," anasema. "Lakini kinini haijachoka."

Treni inaondoka bila yeye. Anatumaini kufika Kasai, asikowahi kukanyaga, akafundishe wagonjwa upya.

"Nitaanza na chakula, halafu kinini. Hata tukisali, tunaomba mukate."

Kalala anaingiza mkono mfukoni, anatoa karatasi nyingine yenye kidonge alichokificha, na kuitia mwenyewe ndani ya kopo la Odile.