Redio ya Ngome ya Ruwi

Baba aliipiga pasi kanzu yake mara mbili siku ile. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi mwalimu mpya katika skuli moja ya Sib, karibu na Maskati, na nilikuwa nawapeleka wanafunzi wangu kuitembelea ngome ya zamani ya Ruwi. Baba alitaka kwenda nasi. Mimi sikutaka. Nasema kweli ingawa inaniuma: nilikionea haya Kiarabu chake. Tulihamia Maskati kutoka Unguja nikiwa mchanga. Mimi Kiarabu nilikipata skuli, yeye alikipata ukubwani, na kila akifungua mdomo Unguja nzima inatoka. Wenzangu kazini hawakujua kuwa nyumbani tunasema Kiswahili, na sikuwa na haja ya kuwaambia.

Lakini ngome ile ilikuwa yake kuliko yangu. Zamani ilikuwa makao ya kikosi kilichoongozwa na maofisa wa Kiingereza, kazi yake kulinda njia ya kuingilia Maskati. Vita na waasi wa kusini mwa nchi vilipopamba moto, kazi ikageuka, ikawa ni kuzungumza kwa redio na askari walioko milimani. Baba alikuwa mtu wa redio. Siku moja yeye na mwenzake wa mlimani, Mzanzibari kama yeye, walifumwa wakibishana hewani kwa Kiswahili nani hodari wa kupika pweza. Walijua watafungwa. Ofisa akauliza kama adui anaifahamu lugha hiyo. Haifahamu, wakamwambia. Basi, akasema, kuanzia leo habari za siri zipite humo humo. Baba huyasimulia haya kifua mbele, na ni haki yake.

Sasa ngome imekuwa makumbusho, na mizinga yake inapigwa picha tu. Tulipofika kwenye redio, askari kijana aliyetuongoza, aliposikia kuwa baba aliwahi kuitumia, alimwomba aeleze. Akaeleza, kwa Kiarabu chake. Msichana mmoja akacheka, mara darasa zima likaangua kicheko. Niliwakemea, lakini uso uliniwaka, na sikujua nimemkasirikia nani, wao, baba au nafsi yangu.

Baba akamwomba askari ruhusa, akakishika kipaza sauti cha redio ile iliyokufa zamani, akasimama wima utadhani magoti hayajawahi kumuuma.

"Mlimani, mlimani, hapa ngome. Nnakwita. Wanisikia?"

Akangoja. Mwenzake wa mlimani tulikwishamzika, na baba mwenyewe ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

"Mlimani, hapa ngome," akaita tena, na mara hii sauti ilimkatika.

Nikasogea mbele ya darasa langu.

"Ngome, nnakusikia," nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Nnakusikia vizuri, baba. Sema."