Aiskrimu na Chumvi ya Mwisho

Nikinusa kakao najivuna upya: aiskrimu ya kwanza mlimani kwetu aliitengeneza mama yangu, na anayebisha abishe.

Baba alipandisha barafu kutoka mji wa Same, chini ya mlima, ndani ya gunia la maranda. Mama akachanganya sufuriani maziwa mazito, kakao na matunda ya forosadi yaliyotupaka rangi ya zambarau vidoleni, akaizika sufuria ndani ya barafu. Kisha akaimwagia barafu chumvi yetu yote, na enzi zile za Ujamaa chumvi ilikuwa imeadimika dukani.

"Mkwe, unatupa chumvi!" bibi akalia.

"Ndiyo inayogandisha, mama. Subiri."

Kijiko cha kwanza akapewa bibi, mkubwa wa nyumba. Akafumba mdomo, akafumba na macho.

"Chini ya kitanda changu," akasema hatimaye, "kuna chumvi nyingine."