Fomu ya Ridhaa

Siku yangu ya kwanza kazini benki, tawi la Makambako, Meneja wa Tawi hakunipa hata kiti. Tulikwenda kwa miguu hadi kwa mfanyabiashara aliyetaka kuweka nyumba yake rehani ajenge vyumba vinane vya kupangisha. Meneja akamwomba mume atoke nje, kisha akamuuliza mke, "Mama, wapangaji wakihama, mtalala wapi?" Njiani akaniambia, "Mume akiwepo hupati jibu, unapata saini tu." Saini hiyo ni ya fomu ya ridhaa ya mwenza, bila hiyo nyumba ya familia haiwekwi rehani.

Baadaye nikahamishiwa Njombe, afisa mikopo mwandamizi, na pikipiki ya ofisi. Nilikuwa mtu wa haraka, na hadi leo sijui kutulia. Kule Igwachanya, mvua ikitishia, nilimhoji mama mmoja mumewe akiwa amekaa pembeni. Alitia dole gumba bila kuniangalia. Mradi wa barabara uliowaletea wapangaji ukaisha, vyumba vikabaki vitupu, na nyumba yao ya kulala ikapigwa mnada. Siku moja nikakutana naye sokoni. "Kamwene, baba," akanisalimu vizuri tu, akaendelea kuchagua viazi. Afadhali angenitukana.

Sasa nimestaafu, nina kiwanja Makambako. Kiinua mgongo kinatosha vyumba viwili. Mimi nataka vinane. Miti yangu ya mbao kule Kichiwa bado michanga, ningeikata ningeuza fito. Basi nikaleta fomu nyumbani ili tuweke rehani nyumba yetu, nikaiweka mbele ya mke wangu.

"Weka saini hapo chini."

Akaisoma yote. "Utaratibu wenu si niulizwe mume akiwa hayupo?"

"Afisa ni mimi, naujua."

"Hapa wewe ni mume, Baba Neema. Toka nje."

Nikatoka nimekasirika. Nikazunguka nyumba mara tatu, nikakaza bomba lisilovuja. Ndipo nikamkumbuka yule mama wa viazi, nikaona aibu. Niliporudi, fomu ilikuwa palepale, haina saini.

"Nimejiuliza mwenyewe," akasema. "Wapangaji wakihama, tutalala wapi?"

Swali hilo nimewauliza watu maisha yangu yote ya kazi. Nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni.

Tumechimba msingi wa vyumba viwili. Kila asubuhi napanda gari kwenda kuupima kwa hatua, na bado natamani vinane. Jioni narudi kulala nyumbani kwangu.