Jumapili Niliyokuwa Mfini

Simu ndiyo iliyoniambia kwamba mimi ni Mfini. Yalikuwa maswali kumi na mawili ya kulinganisha tabia yako na nchi inayokufaa, na mteja mmoja pale saluni Kawangware alimpitisha kila mtu kwenye maswali hayo huku tukimsuka. Yeye alitoka Mbrazili. Msusi mwenzangu akatoka Mwitalia, akaanza hata kutembea kwa madaha. Mimi nilipoulizwa najisikiaje mgeni akija bila taarifa, nikabonyeza "nachoka". Jibu langu likaja: Ufini, nchi ya baridi ambako watu hupenda kimya, na hakuna anayebisha hodi kwa mwenzake bila kualikwa.

"Wewe ni mchoyo tu," akasema Mwitalia wetu. Tukacheka.

Lakini nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Siku sita kwa wiki nashika vichwa vya watu na kusikiliza yaliyomo. Jumapili, ibada ikiisha, ndugu zangu wote wa Nairobi hukumbuka ninakoishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliambiwa, ila mwenyeji mimi nilikuwa siponi, nilikuwa napika. Sasa nilipata ushahidi kwamba haikuwa roho mbaya. Ilikuwa tabia, na ilikuwa na nchi yake.

Nikabuni njia. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga huku Gatina, kufuli ya nje ndiyo husema kama mtu yuko. Nikamwomba jirani yangu, mama wa Kitui anayeuza mboga, anifungie kwa nje akienda kibandani saa sita, anifungulie akirudi jioni.

"Unajifungia kama kuku anayetaga?" aliniuliza, lakini ufunguo akauchukua.

Ndani nilikuwa na maji, ndoo ya haja, na maharagwe ya kuchemsha kwenye jiko. Jumapili mbili watu walibisha, wakaiona kufuli, wakaondoka. Nitasema uongo nikidai sikuona raha.

Jumapili ya tatu akaja Senje. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu magharibi. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, katika chumba kimoja Makina, kule Kibera, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kubisha mlango wake. Niliusukuma tu nikaingia. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka huko, na nilimjua kwa sauti ya ndara zake kabla hajafika.

"Hodi! Hodi hapa!"

Binti mmoja wa ploti, aliyekuwa akifua nje, akamjibu. "Hayuko, mum. Si unaona kufuli? Lazima ameenda job."

"Hata Jumapili? Huyu mtoto anafanya kazi sana. Wacha nimngoje kidogo."

Akaketi kizingitini. Alipoegemea, mlango ulisogea kidogo, nikauona ukisogea. Simu yangu, niliyokuwa nimeizima sauti, ikawaka kitandani. Nikalitazama jina lake mpaka taa ikazimika.

Senje hawezi kukaa na mtu bila kuzungumza, kwa hiyo binti akaambiwa yote. Kesho yake alikuwa anaenda kupasuliwa jicho. "Wamesema nikuje na mtu wangu wa karibu. Nikaona hii si maneno ya kuambiana kwa simu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mgongoni mwake. Ufunguo sikuwa nao, lakini mdomo nilikuwa nao. Ilitosha kusema, Senje, niko ndani. Kisha ningeulizwa niko ndani vipi na kufuli iko nje, na ploti nzima ingesikia jibu. Aibu ikanishika. Nikarudi nyuma hatua moja.

Binti akaenda kuanika nguo upande wa pili. Senje akainuka, nikasikia pumzi yake kwenye ufa wa mlango.

"Maharagwe yanashika chini, mama," akasema polepole. "Ongeza maji."

Kisha ndara zikaondoka, bila haraka.

Nikaongeza maji. Hilo huniuma kuliko yote. Nilimtii kama mtoto, nikamimina maji kwenye sufuria, na bado sikumwita arudi.

Jirani aliponifungulia jioni, nilimpigia Senje simu nikiwa nimejipanga kuomba msamaha. Nikasikia mdomo wangu ukisema nilikuwa kazini. Sasa nisingeweza hata kujitolea kumsindikiza hospitali, maana mtu aliyekuwa kazini angejuaje habari ya jicho? Akaniuliza kama nimekula, kana kwamba ananipa nafasi. Nikamwambia nimekula.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Ilikuwa tu salamu."

Alisindikizwa na mama mmoja wa kanisa lao. Mimi nilishinda saluni nikisuka, na nywele za watu nilizivuta vibaya siku hiyo.

Jicho lilipona. Nimeenda Makina mara nyingi tangu hapo, na sukari na unga, na kila mara naondoka sijalisema neno lenyewe. Yeye hajawahi kuniuliza. Ananipokea vilevile, ananimiminia chai, anacheka. Ila huku kwangu haji tena bila taarifa. Hupiga simu kwanza, kwa ile sauti ya adabu anayomwekea mwenye nyumba wake.

"Naomba kuuliza, Jumapili kuna nafasi nikuje? Kama umechoka, usijali."

"Njoo, Senje. Njoo tu, wakati wowote."

"Asante, mwanangu. Na ungetaka niondoke saa ngapi?"