Maziwa ya Pechiyammal

Mama mkwe wangu, Pechiyammal, aliuza maziwa miaka arobaini, na sijaona mtu bahili wa maziwa kama yeye. Hata kikombe alichopimia alikisuuza, maji yake akamnywesha ndama. Siku nilipoacha sufuria ikafurika, mara moja tu, alinisema wiki nzima: "Mikono hiyo ni ya kupakwa hina tu!"

Basi ikafika Pongali, sikukuu ya mavuno, ya kwanza tangu niolewe. Alfajiri tulikoka moto uani, tukabandika chungu kipya cha maziwa, shingoni kimefungwa mche wa manjano mbichi. Mchele mpya ulikuwa tayari kwenye ungo. Jua lilipochomoza, maziwa nayo yakaanza kupanda. Mkono wangu ukatangulia akili: nikachomoa kuni. Maziwa yakanywea.

Majirani waliokuja kutazama wakanigeukia. Siku hiyo lazima yafurike, ndiyo shukrani yetu ya mavuno, na mimi nalijua hilo tangu utotoni.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nyamaza! Nimekuharibu mwenyewe." Akarudisha kuni, akaleta ndoo ya maziwa ya kuuza, akamimina mpaka ukingoni. "Wateja leo watakunywa chai ya rangi."

Yakafurika, yakatiririka hadi kwenye majivu, nasi tukapiga kelele, "Pongalo Pongal!" yaani, yamefurika! Yeye hakupiga. Alikuwa ameliinulia jua viganja, machozi yanamtoka.

"Ng'ombe wamenilelea watoto watano," akasema. "Mwaka mzima napima, mwanangu. Kushukuru sipimi."